Tunasubiri Maji Mafu

Hakuna binadamu atakayepiga mapezi akaushinda mkondo wa nje ya Fungu Yasini siku ya bamvua. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Noti moja ni kama mita 31 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi ambayo mpiga mbizi mwenye miguu mizuri, mtungi mgongoni, anaweza kuifikia akijikamua, tena kwa dakika chache tu. Mkondo ukifika noti mbili, unapiga miguu kuelekea kusini huku mwili unakwenda kaskazini. Vijana wa mazoezi, wale wanaofika Kunduchi vifua vimetuna, huwa hawaniamini mpaka wayaone matumbawe yanawapita kinyumenyume.

Mimi ni mkazi wa Mbagala, na kazi yangu ni kuongoza watu chini ya maji. Alfajiri napanda daladala ya Rangi Tatu hadi Makumbusho, naunganisha ya Tegeta, nashuka Mtongani na kutembea hadi ufukweni. Kwenye gari nikiulizwa ninafanya kazi wapi najibu "hotelini" ili kufupisha maneno, maana nikisema ukweli maswali hayaishi. Papa hawaumi? Mumeo anakuruhusu? Nywele unazifanyaje? Swali la maana kuliko yote aliniuliza mama mmoja muuza genge mtaani kwetu, huku ananipimia nyanya: "Sasa mwanangu, ukishakuwa huko chini, unajuaje unakokwenda?"

Unajua kabla hujaingia. Ukisubiri kujua ukiwa ndani, umechelewa.

Visiwa vyenyewe watu wa Dar wanavifahamu kwa juu. Mbele ya Kinondoni kuna Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini, ambavyo vilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Upande wa Kigamboni, ambako wengi wetu bado ulimi unateleza tukakuita Temeke kwa sababu ndiyo ilikuwa wilaya yake, kuna Kendwa, Makatumbe mbili na Sinda mbili, nazo zikaongezwa mwaka 2007. Bongoyo unaenda kwa boti kutoka Msasani, unakula samaki na chipsi, unarudi jioni umeungua mabega. Mbudya ni ya picha za siku ya kuzaliwa. Pangavini hakuna anayekwenda kwa sababu haina ufukwe, ni jiwe lililoliwa na mawimbi kiunoni. Fungu Yasini ni mchanga unaojitokeza maji yakipwa, na ukitazama kutoka ufukweni unaona mstari mweupe tu wa povu. Huko kwenye povu, upande wa nje unaotazama bahari kuu, ndiko kwenye kazi yangu.

Kwenye banda letu la mitungi kuna jedwali la maji limebandikwa ukutani, na kando yake kalenda ya msikitini. Wageni hupiga picha jedwali. Nahodha wetu hutazama kalenda.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Mwezi leo ishirini na tatu. Tutaingia saa nne."

Hapo kamaliza mkutano wa asubuhi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, maji yanajaa sana na kupwa sana: hiyo ni bamvua. Pwani yetu ya Dar, siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Maji yote hayo lazima yapite mahali kwa muda wa saa sita na ushei, na mahali penyewe ni vile vipenyo kati ya Mbudya, Pangavini na mafungu, kwa hiyo yanakwenda mbio. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe saba, nane, au ishirini na mbili, ishirini na tatu za kalenda ya nahodha, jua na mwezi wanavutana kila mmoja kwake, maji yanapanda na kushuka kama mita moja tu. Hayo ndiyo maji mafu, na ndiyo tunayoyasubiri.

Kuna bahati nyingine ya pwani hii ambayo wageni hawaijui mpaka waelezwe. Siku za bamvua maji hapa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukifika kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne, saa tano asubuhi. Maana yake asubuhi hiyo unapata vitu vitatu kwa mpigo. Mkondo ni dhaifu. Upepo wa mchana haujaamka. Na maji yaliyoingia ni ya bahari kuu, masafi, badala ya yale ya kahawia yanayotoka kwenye mikoko na mito ya mjini wakati wa kupwa. Mvua ikinyesha Jumanne Tegeta na Mbezi, Jumatano maji yanayopwa yanakuletea taka za Tegeta na Mbezi usoni.

Haya ni maji ya kila siku. Juu yake kuna mkondo mkubwa ambao haujali mwezi. Maji ya Bahari ya Hindi yanayosukumwa kutoka mashariki yanagonga bara la Afrika kule karibu na mpaka wetu na Msumbiji, kisha sehemu yake inageuka na kupanda kaskazini ikiambaa pwani yetu, Mafia, Dar, Unguja, Pemba, mwaka mzima. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo unausukuma kwa nyuma na huko nje unaweza kufika noti 4. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hadi Machi, upepo unaupiga usoni na unapungua hadi chini ya noti moja. Ndiyo maana mteja akinipigia Juni akitaka kwenda mbali namwambia aje Desemba, na ndiyo maana Juni mfuko wangu huwa mwepesi.

Lakini msidhani mkondo ni adui. Matumbawe ni wanyama, vidudu vidogo vilivyojijengea nyumba za chokaa na kukaa humo maisha yao yote. Mnyama asiyetembea anakula kinacholetwa. Mkondo unamletea chakula, unamwondolea uchafu na mchanga, unampoza jua likizidi. Upande wa Fungu Yasini unaotazama mjini, ambako maji yanazubaa, utakuta vifusi na magugu ya bahari. Zunguka upande wa nje, mwamba unashuka kama ukuta, na hapo kuna sifongo zenye ukubwa wa pipa la maji, matumbawe membamba marefu kama fimbo yanayofika mita mbili, na yale bapa ya kama kipepeo cha ukili, yote yametanda kwa kuukinga mkondo. Ukiyaona yamekaa hivyo umeshasoma ramani: mkondo wa hapa kawaida unapita kwa kuyakata. Mwalimu wangu alinifundisha pia kuwatazama samaki wadogo juu ya jiwe. Wote wanatazama upande mmoja, vinywa wazi, mikia inatetema. Wanatazama unakotoka mkondo. Siku nyingine nakuta wamegeuka ghafla, wote kwa pamoja, na hapo najua maji yamegeuka hata kabla sijayasikia mwilini. Siku maji yamelala kabisa wanatawanyika, kila mmoja na shughuli zake, na mbizi inakuwa haina ladha. Kwa hiyo tunachotafuta ni mkondo kidogo, wa kukubeba bila kukunyang'anya.

Tunafanyaje basi. Nahodha anaenda juu ya mkondo, upande unakotokea, anapoza injini. Tunakaa kingoni mwa boti, wanne, mkono mmoja umeshika miwani na mwingine mshipi wa risasi, tunajitupa kinyumenyume wakati mmoja na kushuka moja kwa moja bila kupiga soga juu, maana kila dakika ya kuelea juu ni mita 20 au 30 umeshapelekwa. Kule chini mkondo ni mdogo zaidi karibu na jiwe, kwa sababu jiwe linaukwaruza. Unakaa nusu mita juu ya mwamba, miguu juu kidogo ili usivunje kitu, na unaacha upelekwe. Ukitaka kusimama kumwonyesha mtu mkunga pangoni, unaingia nyuma ya jabali la matumbawe. Hapo maji yanatulia kama chumba. Unatoka tena unabebwa. Nahodha yuko juu anafuata mapovu yetu, injini inanguruma, na sauti yake naifahamu hivyo nikiisikia imeenda mbali namtumia boya mapema: puto refu la rangi ya chungwa linalofungwa kwenye kamba, unalipulizia hewa kidogo, linapanda juu na kusimama kama mlingoti.

Sasa hewa. Mtaani wote wanaita "mtungi wa oksijeni", na nimeacha kubishana. Ni hewa hii hii tunayovuta Mbagala, imechujwa na kushindiliwa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200 unabeba lita 2,400. Mtu aliyetulia juu ya maji anatumia kama lita 20 kwa dakika, kwa hiyo angekaa nao saa mbili. Lakini kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya dunia. Kwenye mita 10 kila pumzi inakula hewa mara mbili, mtungi ni wa saa moja. Kwenye mita 30 inakula mara nne, umebaki na nusu saa, na kanuni inataka uwe umerudi kwenye boti na bar 50 mkononi. Hiyo ni kwa aliyetulia. Mtu anayegombana na mkondo anahema mara mbili, mara tatu, na nimeshaona geji ya kijana mwenye misuli inashuka kama mita ya umeme inavyohesabu unit za mwisho. Mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi Mbezi, mnene na mtulivu, hutoka majini na hewa nyingi kuliko kundi zima.

Na kurudi juu ni taratibu: si zaidi ya mita 9 kwa dakika, halafu unasimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu. Chini ya mgandamizo ule naitrojeni ya hewani huyeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu. Ukipanda mbio inageuka mapovu humo humo mwilini, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, na mtu anaweza kupooza. Tiba yake ni oksijeni na chemba ya presha. Sindano ya duka la dawa haisaidii kitu. Wanaoumia hivyo pwani yetu wengi wao hawakuwa watalii. Ni vijana waliopewa mtungi na tajiri wakaambiwa wakaokote majongoo bahari, wakashuka na kupanda tangu asubuhi hadi jioni bila kompyuta ya kupigia mbizi mkononi na bila kuambiwa naitrojeni ni nini. Wakipooza, kijijini husemwa wamepigwa na shetani wa baharini. Tajiri anatafuta vijana wengine.

Mkononi tuna lugha yetu. Kidole gumba juu, ambacho hapa mjini ni "freshi", kule chini ni amri: tunapanda. Kila kundi la Waswahili lina mmoja ambaye anamwona kasa, anafurahi, ananipa dole, na mimi nalazimika kumpandisha.

Papa? Ningependa niwaone zaidi. Ukweli ni kwamba karibu na mji hawapo wa kutosha hata kuogopwa. Kinachotisha zaidi nimekisikia, sikukiona. Ni baruti za kuvulia samaki. Ndani ya maji sauti inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na masikio ya binadamu hayawezi kutambua imetoka upande gani. Inakupiga kifuani tu, kama mtu amebamiza mlango wa kontena juu ya kichwa chako, na unatazama huku na huku bila kuona kitu. Inaweza kuwa imelipuka kilomita nyingi kutoka hapo. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania wakivuta vinasa sauti majini: katika siku 31 walithibitisha milipuko 318, na karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani sisi. Baada ya hapo serikali ilikusanya polisi, uvuvi na vyombo vingine pamoja, wakabanwa wauzaji wa malighafi na si wavuvi wadogo peke yao, na vishindo vilipungua sana. Siku hizi naweza kukaa muda mrefu bila kusikia hata kimoja. Palipolipuliwa pamebaki uwanja wa vifusi vya matumbawe, na vifusi vikisukwasukwa na maji haviwezi kushika kiumbe kipya. Tunapapita haraka. Mteja akiniuliza kwa mkono "hapa vipi?" namfanyia ishara ya mlipuko, viganja viwili vinafunguka.

Halafu kuna joto. Bahari ikizidi nyuzi moja tu juu ya joto lake la kawaida la kiangazi kwa wiki kadhaa, matumbawe yanatema mwani mdogo sana unaoyalisha na kubaki meupe. Ilitokea vibaya mwaka 1998, ikarudi 2016, ikarudi 2024. Mwamba mweupe ni mzuri kwa macho, na wageni huupiga picha sana. Mimi nakasirika, ila siwaambii.

Wazoefu wakishaizunguka Mbudya na Sinda huanza kuulizia Fungu Mbaraka, ambacho ramani za Wazungu hukiita Latham. Kiko kama kilomita 70 mashariki ya Dar, peke yake, nchi kavu nyingine haionekani. Ni jiwe bapa la matumbawe, dogo kiasi cha kulimaliza kwa miguu kwa dakika chache, bila mti hata mmoja, bila maji, bila mtu. Mwenyeji ni ndege: weupe wakubwa wenye uso mweusi, na wengine wadogo weusi, maelfu, wanataga chini kwenye mawe. Harufu ya kinyesi chao inakufikia kabla ya kisiwa. Hatushuki, maana ukitembea unakanyaga mayai, na wapo wavuvi wanaokuja kuyaokota ndoo kwa ndoo.

Kwenda huko ni kwa maleleji, kaskazi ikishachoka na kusi haijaanza, tena kwa maji mafu. Kalenda ikikupa siku kama hizo mbili au tatu kwa msimu, shukuru. Tunaondoka usiku, boti ya injini mbili, kwa sababu moja ikizima mkondo unakupeleka kaskazini na hakuna mahali pa kutia nanga. Kuzunguka kisiwa bahari inadondoka mamia ya mita. Mkondo mkubwa unakigonga kisiwa kwa kusini, unapasuka, nusu inapita huku na nusu kule. Pale unapopasuka ndipo samaki wanapokusanyika, kolekole kwa makundi, mzia waliosimama kama fimbo, jodari wanapita kwa kasi nyuma yao, na papa, hapo wapo. Tunashuka pale pale kwenye mpasuko. Ukikosea mita 50 kushoto au kulia, umeingia kwenye ubavu, na maji ya ubavuni yana tabia ya kuvuka ukingo na kushuka chini pamoja na wewe. Dalili yake ni mapovu yako mwenyewe: badala ya kupanda yanazunguka usoni, halafu yanashuka. Hapo hupigi miguu kwenda juu. Unashika mwamba, au unaondoka ukutani kwa upande hadi maji yakuachie. Na kila mmoja ana boya lake, filimbi na kioo cha kumulika, kwa sababu kwenye noti 3 nahodha akikupoteza nusu saa, uko karibu kilomita tatu kutoka alipokuacha, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani.

Nahodha hajawahi kupoteza mtu kule. Anasimama juu ya gunia la kamba, anatazama rangi ya maji, mahali yanapokunjamana na mahali yanapolainika kama mafuta, na anajua tutatokea wapi kabla sisi wenyewe hatujajua. Alijifunza akiwa mtoto kwenye ngalawa ya baba yake, akivua kwa mshipi na madema, ambako kukosea mkondo kulimaanisha kulala njaa au kulala Bagamoyo.

Yeye hana cheti. Kozi hutajwa kwa dola, vitabu nilivyosomea mimi vilikuwa vya Kiingereza, na mtihani una maswali kuhusu maji baridi na suti za mpira mzito ambazo hakuna mtu atakayezivaa Kunduchi. Mimi nililipiwa na ndugu. Vijana wa Mtongani na Kigamboni wanaojua mwezi na mikondo ya kwao hakuna wa kuwalipia, kwa hiyo wanabeba mitungi. Anakuja mgeni mwenye kadi ya plastiki aliyoipata kwenye ziwa Ulaya, anasema anataka kuingia saa nane mchana mwezi kumi na tano, na kwenye karatasi za biashara neno lake ni zito kuliko la mzee. Tumewahi kugombana juu ya hilo mbele ya wateja. Nahodha hakusema kitu, alikwenda akang'oa waya wa betri, akarudi kukaa kivulini, na boti haikutoka. Kwenye fomu ya safari, mstari wa wataalamu una nafasi tatu za majina. Lake linaandikwa chini, pamoja na la mpishi.